Shule Ikifungwa: Jinsi ya Kuchagua Njia ya Kumfundisha Mtoto Nyumbani Bunagana

Katika nchi nyingi, mzazi anayefundisha watoto wake nyumbani ameamua mwenyewe. Amezipima shule za jirani, amehesabu muda wake, akaona atafanya vizuri zaidi sebuleni kwake. Bunagana, mji wa Kongo ulio mpakani na Uganda, uamuzi huo uliletwa na vita. Mapigano yaliporudi katika vilima vya Tshanzu na Runyoni Novemba 2021, maelfu ya watu wa Jomba, eneo ulimo mji huu, walivuka mpaka kuingia Kisoro, Uganda. Tarehe 13 Juni 2022 mji wenyewe ukachukuliwa na waasi wa M23. Familia nyingine zikavuka tena, nyingine zikashuka Rutshuru, nyingine zikafika Goma. Januari 2025 Goma nayo ikatekwa, na mwezi uliofuata kambi za waliohama makwao kandokando ya mji zikavunjwa, watu wakaambiwa warudi walikotoka. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza Oktoba 2021 amekulia ndani ya miaka hiyo yote. Amesoma miezi miwili hapa, mitatu kule, kwa Kifaransa upande huu na kwa Kiingereza upande ule, na katikati ya vipindi hivyo amekaa tu.

Makala hii namwandikia mzazi, bibi, shangazi au kaka mkubwa aliyebaki na watoto wa namna hiyo na anajiuliza aanzie wapi. Njia za kufundishia nyumbani ni nyingi, na kila moja ina watu wanaoisifu. Usiichague njia kwa sifa zake. Ichague kwa kutazama mambo matatu: nani hasa atakaa na mtoto kila siku, mtoto anaongea vizuri lugha gani, na unataka aingie shule ipi njia itakapofunguka. Ukiyajibu hayo kwa ukweli, nusu ya kazi imekwisha.

Shule iliyo wazi bado ni shule

Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, ibara ya 43, inawapa wazazi haki ya kuchagua namna ya kuwaelimisha watoto wao. Ibara hiyohiyo inasema elimu ya msingi ni ya lazima, na katika shule za umma ni ya bure, jambo lililoanza kutekelezwa Septemba 2019. Kwa hiyo kama shule ya karibu iko wazi, mwalimu anafika na njia ya kwenda ni salama, mpeleke mtoto. Hata mwalimu mwenye watoto wengi darasani anampa kitu ambacho nyumba haiwezi kumpa: wenzake wa rika lake, daftari lililosahihishwa na mtu mwingine, na jina lake katika orodha inayotambulika. Masomo ya nyumbani basi yawe nyongeza ya jioni.

Ushauri unaofuata ni kwa siku ambazo hilo haliwezekani: shule imefungwa, au inatumika kuhifadhi watu waliokimbia, au familia iko njiani, au mtoto ameachwa nyuma kiasi kwamba anaona haya kukaa na wadogo zake darasani.

Mpime mtoto kabla hujachagua chochote

Kosa la kawaida ni kuanza na darasa ambalo mtoto alipaswa kuwamo. Ana miaka kumi na moja, basi anapewa kitabu cha darasa la tano, na baada ya wiki moja nyumba nzima imechoka na mtoto anaambiwa hana akili. Anza na kile anachokiweza leo.

Shirika la Uwezo, lililoanza kupima watoto majumbani Kenya, Tanzania na Uganda karibu mwaka 2010, lilionyesha kwamba watoto wengi walio darasani hawawezi kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Kipimo chao ni rahisi, na wewe unaweza kutengeneza cha kwako kwa karatasi moja. Igawe sehemu nne. Ya kwanza, andika herufi na silabi kumi zilizochanganywa: ma, ki, to, nda, bwa. Ya pili, maneno kumi ya kawaida: maji, kuku, soko, mlima. Ya tatu, sentensi nne fupi zinazofuatana. Ya nne, hadithi ya mistari kama kumi, na chini yake maswali mawili ambayo jibu lake limo ndani ya hadithi.

Kaa na mtoto mmoja mmoja, mbali na wenzake. Anza na sentensi. Akizisoma bila kukwama sana, mpe hadithi. Zikimshinda, rudi kwenye maneno, kisha silabi. Usimsahihishe na usikunje uso. Pale alipofika bila msaada ndipo mahali pa kuanzia. Kwa hesabu fanya vivyo hivyo: kutambua namba, kujumlisha kwa kubeba, kutoa kwa kukopa, kuzidisha, kugawanya. Andika matokeo na tarehe ndani ya daftari. Rudia kipimo hicho kila mwisho wa mwezi, kwa maneno mapya.

Njia zilizopo, na zinamfaa nani

*Kuhamishia shule nyumbani.* Hapa unafuata programu ya taifa somo kwa somo, kwa vitabu vya darasa, mazoezi na mitihani ya kila wiki. Inafaa kama mtoto ameacha shule hivi karibuni, mtihani wa mwisho uko karibu, na nyumbani kuna mtu mzima aliyemaliza sekondari na ana nusu siku ya kukaa naye. Ugumu wake ni uchovu. Masomo ni mengi, na mama anayekwenda shambani asubuhi au kuvuka mpaka na bidhaa hawezi kuyabeba yote. Ukiifuata njia hii, punguza: Kifaransa na hesabu kila siku, sayansi na historia mara moja moja kwa wiki.

*Kufundisha kwa kiwango.* Njia hii ilikuzwa India na shirika la Pratham, lililoanzishwa Mumbai mwaka 1995. Watoto hupangwa kwa kile wanachokiweza, umri wao ukiwekwa kando, kisha hufundishwa kusoma na kuhesabu tu, muda mfupi kila siku, mpaka wapande ngazi. Watafiti Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walioshiriki tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, waliichunguza kwa miaka mingi na kuona inaleta matunda kwa watoto waliobaki nyuma. Haihitaji mtu aliyesoma sana. Anayejua kusoma Kiswahili vizuri na kufanya hesabu za sokoni anatosha. Kwa familia nyingi za Bunagana, ambako watoto watatu wa umri tofauti wanaweza kuwa wote wamekwama mahali pamoja, naiona hii ndiyo njia ya kujengea nyingine.

*Kufundisha kwa mikono.* Maria Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto katika mtaa wa maskini mjini Roma mwaka 1907. Aliamini mtoto mdogo hujifunza kwa kushika, kupanga na kurudia mwenyewe. Vifaa vyake vya asili ni ghali, lakini wazo lake halina bei. Kwa mtoto wa miaka mitatu hadi saba, vifuniko vya chupa, punje za maharagwe na changarawe nyeusi za volkano vinatosha kuhesabia na kupanga. Sahani iliyojaa mchanga mkavu inatosha kuandikia herufi kwa kidole kabla hajashika kalamu. Usimlazimishe wa umri huo kukaa na daftari saa nzima.

*Kufundisha kwa masimulizi.* Charlotte Mason, mwalimu Mwingereza aliyeishi kati ya 1842 na 1923, aliwashauri wazazi watoe masomo mafupi, yasiyozidi dakika ishirini kwa wadogo. Mtoto asomewe kitu kizuri mara moja tu, kisha akisimulie upya kwa maneno yake. Njia hii inamfaa hata mtu mzima asiyejua kusoma. Bibi anayejua hadithi za Bwisha, eneo linalozunguka Bunagana, anaweza kuendesha somo kamili: anasimulia, mtoto anasimulia tena bila kukatizwa, dada mkubwa anaandika. Mtoto anajifunza kusikiliza, kupanga mawazo, kukumbuka na kusema mbele ya watu, na hayo ndiyo atakayodaiwa akifika kwenye insha.

*Kufundisha kupitia kazi.* Soko, shamba na mpaka vimejaa hesabu, jiografia na sayansi. Njia hii inawafaa wenye miaka kumi na kuendelea. Hatari yake iko wazi: mtoto anaweza kugeuzwa mfanyakazi kwa jina la masomo, na wa kwanza kugeuzwa huwa msichana. Mtoto anayeuza mandazi tangu asubuhi hadi jioni hajasoma. Kazi inakuwa somo pale tu anapokaa na daftari baadaye na kueleza alichokifanya kwa maandishi na kwa namba.

*Kumwachia mtoto achague mwenyewe.* Mmarekani John Holt aliitetea njia hii miaka ya 1970: mtoto afuate anachokipenda, mzazi amsaidie. Inaweza kufaa katika nyumba yenye rafu za vitabu na maktaba mtaani. Katika nyumba isiyo na kitabu hata kimoja, mtoto aliyeachwa achague atabaki na kile kinachopita barabarani. Chukua kutoka kwake jambo moja: mtoto awe na saa yake ya kufanya anachokipenda, iwe kuchora, kutengeneza chukudu ya mbao au kusikiliza redio, na usiichezee saa hiyo.

*Kukusanyika na majirani.* Familia tatu au nne zinaweza kuweka watoto watano hadi wanane pamoja na kugawana kazi: mmoja anafundisha hesabu, mwingine Kifaransa, mwingine anatoa uji. Chagueni nyumba iliyo karibu na wote, mlango ubaki wazi, wawepo watu wazima wawili wanaoaminika, na masomo yaishe mapema mchana ili hakuna mtoto anayetembea jioni. Siku hali ikiwa mbaya, kila mtoto abaki kwao na kazi yake iliyoandikwa tangu jana.

Usiogope kuchanganya. Kwa mtoto wa miaka minane hadi kumi na tatu aliyebaki nyuma, ningepanga hivi: kusoma na hesabu kwa kiwango kila siku, masimulizi jioni, somo la kazi mara moja kwa wiki, na kikundi cha majirani siku mbili kama usalama unaruhusu.

Lugha ipi kwanza?

Hapa ndipo wazazi wa mpakani huvutwa huku na huku. Nyumbani mtoto anaongea Kinyabwisha. Sokoni na kanisani anasikia Kiswahili. Shule ya Kongo inamdai Kifaransa, na shule ya Kisoro Kiingereza. Wengi huamua kuruka moja kwa moja kwenye lugha ya mtihani, wakidhani wanaokoa muda. Mtoto basi anajifunza mambo mawili mageni kwa pamoja, kusoma na lugha yenyewe, na anaishia kukariri sauti asizozielewa.

Mfundishe kusoma katika lugha ambayo tayari imo kinywani mwake. Sheria ya elimu ya Kongo ya tarehe 11 Februari 2014 inatambua lugha za taifa na lugha za mazingira kama lugha za kufundishia katika shule ya msingi, kwa hiyo hujaenda kinyume na mtu yeyote. Kama anaongea Kiswahili na Kinyabwisha sawasawa, anza na Kiswahili kwa sababu tatu: kinaandikwa kama kinavyotamkwa, maandishi yake ya watoto yanapatikana kwa urahisi zaidi, na kitamfaa pande zote mbili za mpaka. Kongo imo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mwaka huohuo serikali ya Uganda ilipitisha Kiswahili kuwa somo la lazima katika shule za msingi na sekondari.

Wakati huohuo anza Kifaransa au Kiingereza kwa mdomo tu: salamu, vitu vya nyumbani, maagizo mafupi, nyimbo. Dakika kumi na tano kwa siku. Akishasoma hadithi fupi kwa Kiswahili bila kukwama, mfungulie maandishi ya lugha ya pili. Herufi ameshazijua, utamfundisha zile zinazobadilika sauti tu, kama *ou* ya Kifaransa inayosomwa kama *u* yetu, na *e* ya mwisho wa neno ambayo mara nyingi haitamkwi.

Usimfundishe Kifaransa na Kiingereza vyote viwili kwa nguvu sawa. Chagua kimoja kufuatana na shule unayoitarajia. Cha pili kibaki cha mazungumzo. Na zipo tofauti ndogo zinazowaangusha watoto wanaohama shule kati ya Bunagana na Kisoro. Katika daftari la Kifaransa, 1,5 ni moja na nusu, kwa sababu mkato hutenga sehemu ya desimali. Upande wa Uganda kazi hiyo hufanywa na nukta, na mkato hutenga maelfu. Mtoto akiona 1,500, upande wa Uganda ni elfu moja na mia tano, upande wa Kongo ni moja na nusu. Mwonyeshe mapema. Vilevile shule ya Kongo husema *septante* na *nonante* kwa sabini na tisini. Akisikiliza masomo yaliyotengenezwa Ufaransa atakuta majina mengine. Mweleze kwamba yote ni sahihi, kila moja na mahali pake.

Somo la kusoma bila kitabu

Unahitaji karatasi, kalamu na mkasi. Mwambie mtoto akuambie jambo moja lililotokea jana. Tuseme anasema: "Jana mvua ilinyesha. Mama aliingiza maharagwe ndani. Mbuzi alikula kidogo." Andika hayohayo, kwa herufi kubwa zilizoachana. Usimrekebishie hadithi yake. Mambo ni yake. Msomee mara mbili huku kidole chako kikienda chini ya kila neno. Kisha asome yeye, kidole chake juu ya chako, halafu peke yake.

Sasa kata sentensi ya kwanza neno kwa neno: Jana, mvua, ilinyesha. Yachanganye maneno hayo mezani, ayapange. Chukua neno *mbuzi*, likate vipande viwili: mbu, zi. Muulize ni neno gani jingine linaanza na mbu. Mbuga. Mbuyu. Akitaja, liandike. Mwisho aandike mwenyewe sentensi moja chini ya hadithi yake: nini kilifuata? Yote hayo hayazidi nusu saa. Karatasi hizo usizitupe. Zikiwa nyingi, zishone kwa uzi. Hicho kitakuwa kitabu chake cha kwanza, na kila neno ndani yake analielewa.

Akihitaji zaidi na kuna simu yenye intaneti hata mara moja kwa wiki, mradi wa African Storybook wa Afrika Kusini unatoa hadithi za bure kwa Kiswahili, Kifaransa na lugha nyingine nyingi za Afrika. Zipakue ukiwa mahali penye mtandao, msome baadaye. Katuni za Ubongo Kids, zilizoanzia Dar es Salaam mwaka 2014, zinafundisha hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Redio nayo isisahauliwe. Shule za Kongo zilipofungwa kwa corona mwaka 2020, Radio Okapi ilirusha masomo hewani. Ukikuta kipindi chochote cha elimu au habari kwa Kiswahili au Kifaransa, mpe mtoto kazi: sikiliza dakika kumi, kisha nieleze mambo matatu uliyoyasikia.

Somo la hesabu la mpakani

Mtoto wa Bunagana hukua kati ya faranga za Kongo, shilingi za Uganda na dola. Hilo ni darasa ambalo watoto wa miji mingine hawana. Mpe hesabu ya kweli, kwa bei za siku hiyo. Kwa mfano: mama amenunua gunia dogo la viazi Kisoro kwa shilingi 60,000 na amelipa usafiri shilingi 5,000. Wabadilishaji leo wanatoa faranga 8 kwa shilingi 10. Viazi vyote vimeuzwa Bunagana kwa faranga 54,000. Je, amepata faida au hasara?

Asikimbilie jibu. Kwanza ajumlishe gharama: shilingi 65,000. Kisha ajiulize kuna makumi mangapi ndani yake: 6,500. Azidishe kwa 8: faranga 52,000. Mwisho atoe: faida ni faranga 2,000. Halafu muulize maswali ya kufikiri. Kama mabadilishano yangekuwa 9 kwa 10, ingekuwaje? Gharama ingefika faranga 58,500, na mama angepoteza 4,500. Kwa somo moja amejumlisha, amegawanya, amezidisha, ametoa, na ameona kwa nini watu wazima huuliza bei ya shilingi kabla ya kuvuka. Mwache aandike maelezo kwa sentensi tatu. Wiki ijayo yeye ndiye akutungie wewe hesabu.

Mlango wa kurudi

Masomo ya nyumbani yanayofunga mlango wa shule ni hasara, hata yakiwa mazuri. Jua tangu sasa unakoelekea.

Upande wa Kongo, shule ya msingi ni miaka sita na mtihani wake wa mwisho ni ENAFEP. Baada yake kuna darasa la saba na la nane, na mtihani wa TENASOSP. Kisha miaka minne ya humanités, yaani sekondari ya juu, inayoishia kwenye Examen d'État. Mwaka wa masomo huanza Septemba. Upande wa Uganda, shule ya msingi ni miaka saba, huishia kwenye mtihani wa PLE, na mwaka huanza karibu Februari. Mtoto anayehama katikati anaweza kupoteza mwaka kwa sababu ya kalenda tu, basi panga kuhama kwake mwanzo wa mwaka wa kule anakokwenda.

Kwa mtihani wa mwisho wa msingi, mtoto huandikishwa kupitia shule. Usisubiri miezi ya mwisho. Mwaka unapoanza, mwone mkurugenzi wa shule iliyo karibu, mweleze hali, muulize kama mtoto anaweza kuandikwa na kufanya majaribio ya kila muhula pamoja na wenzake. Kwa vijana wakubwa waliokatizwa sekondari, Examen d'État ina nafasi ya watahiniwa wanaojisomea, wanaoitwa *autodidactes*. Utaratibu wake uulize mapema katika ofisi ya elimu.

Kama mtoto amezidi umri wa darasa lake, uliza pia kuhusu vituo vya *rattrapage scolaire*. Vimewekwa kwa ajili ya watoto wa namna hiyo: miaka sita ya msingi inafundishwa kwa mitatu, kila ngazi ikibeba madarasa mawili, kisha mtoto anafanya mtihani wa mwisho kama wengine. Mtoto uliyemfundisha kusoma vizuri nyumbani ataingia huko akiwa na nguvu.

Tunza makaratasi. Cheti cha kuzaliwa, buletini za kila mwaka, karatasi ya kuhama, kadi ya ukimbizi kama ipo: vipige picha vyote, picha hizo zitumie ndugu wawili wanaoishi mahali tofauti. Karatasi zenyewe ziwe ndani ya mfuko mmoja wa plastiki, mahali ambapo hata mtoto mkubwa anapajua. Ongeza daftari la kumbukumbu: tarehe, tulichofundisha, kipimo cha mwezi, na ukurasa mmoja alioandika mtoto kila mwezi. Mkuu wa shule akiuliza mtoto huyu amekuwa akifanya nini kwa mwaka mzima, daftari hilo litajibu.

Siku inavyokwenda

Saa moja na nusu iliyoshikwa kila siku inazidi saa sita za Jumatatu zinazofuatwa na wiki ya kimya. Bandu bandu huisha gogo. Chagua muda ambao watu wazima hawatingwi: kwa wengine ni alfajiri kabla ya shamba, kwa wengine saa nane mchana. Nusu saa ya kusoma, nusu saa ya hesabu, robo saa ya lugha ya pili kwa mdomo, robo saa ya kuandika. Jioni, masimulizi. Siku ya tano ni ya somo la kazi na marudio. Mkubwa amfundishe mdogo mara mbili kwa wiki. Anayefundisha hujifunza mara ya pili.

Msichana awe na muda uleule kama kaka yake, na kazi za nyumbani zigawanywe ili hilo liwezekane. Katika nyumba nyingi, kijana husoma dada akichota maji. Likitokea kila siku, baada ya mwaka tofauti yao itakuwa kubwa, na watu watasema ni akili.

Kisha hali ya moyo. Mtoto aliyekimbia risasi anaweza kusahau alichokijua, kushtuka mlango ukigongwa, kukataa kusema. Huo si uvivu. Usimpige kwa sababu ya somo. Mpunguzie kazi, mwache achore, cheza naye, anza kila somo na jambo analoliweza tayari. Ratiba inayojirudia ni dawa kwake, kwa sababu inamwambia kesho itafanana na leo. Akiwa halali au hali chakula kwa wiki kadhaa, mpeleke kwenye kituo cha afya, ueleze. Na katika masomo ya kila mwezi weka hili: chuma chochote asichokijua, kilicholala shambani au njiani, asikiguse wala kukipiga teke, arudi alikopitia, amwambie mtu mzima, kwa sababu kinaweza kulipuka.

Anza leo jioni

Huhitaji kusubiri vitabu, wala tangazo la serikali, wala utulivu kamili. Chukua karatasi, andika kipimo kile cha sehemu nne, muite mtoto wa kwanza. Kesho mpime wa pili. Keshokutwa amua nani atafundisha na saa ngapi, kisha mwambie mtoto neno hilo mbele ya familia nzima ili ajue ni ahadi. Baada ya mwezi mmoja pima tena. Kama amepanda, endelea. Kama hajapanda, badilisha njia na umwache mtoto bila lawama.

Watoto wa Bunagana wamenyimwa mambo mengi ambayo mzazi peke yake hawezi kuyarudisha. Kusoma na kuhesabu hakumo katika hayo. Mtoto anayejua kusoma kwa kuelewa ataingia shule yoyote itakayofunguliwa, ya Jomba, ya Goma au ya Kisoro, na ataanza pale wenzake walipo. Hilo liko ndani ya uwezo wako, mzazi mwenzangu, kwa saa moja na nusu kwa siku.